Madonge meusi ufukweni Ziwa Albert: ardhi inavuja yenyewe au kuna mtu kamwaga?

Swali limetoka kwa dada mmoja anayenunua na kuanika muziri, wale samaki wadogo kama dagaa, kwenye mwalo mmoja upande wa Hoima, Uganda. Nalifupisha kidogo: "Mtaalamu, habari ya kazi. Tangu ule upepo mkali tunaokota madonge meusi kwenye mchanga, yananata kama lami ya barabara, mengine yameshika kwenye nyavu. Vijana wanasema kuna kampuni imemwaga mafuta inaficha. Wazee wanasema hiyo kitu wameiona tangu utotoni, ni ziwa lenyewe linatoa. Nani mkweli? Samaki niuze ama niache? Na ni kweli kwamba wakishachimba sana, mafuta yatakoma kuvuja?"

Dada, salama. Nianze na jibu fupi halafu twende pole pole. Wazee wako hawadanganyi, Ziwa Albert linavuja mafuta lenyewe na lilikuwa linavuja kabla kampuni yoyote haijafika. Lakini hiyo haina maana kwamba donge uliloshika wewe limetoka huko. Kwa macho huwezi kujua, mimi pia siwezi, na mtu yeyote anayefika hapo mwaloni akatazama dakika mbili akasema "ah, hii ni asili tu" au "hii ni ya kampuni", huyo anakisia, awe amevaa kofia ngumu ya kazini au asiwe nayo. Donge linapimika maabara, na likichukuliwa vizuri linasema lilikotoka. Nitafika huko, ila kwanza uelewe ziwa lako.

Bonde la Ufa upande wetu huu wa magharibi ni shimo refu ambalo limekuwa likididimia kwa mamilioni ya miaka, na kila likididimia mito inalijaza tope na mchanga, mpaka leo hii chini ya maji ambayo yenyewe hayafiki hata mita 60 pale penye kina kirefu kuna mashapo ya unene wa kilomita kadhaa. Ndani yake kuna tope la maziwa ya zamani sana, limejaa mwani uliokufa. Tope hilo likifukiwa chini vya kutosha na kupata joto, mwani unageuka mafuta na gesi. Mafuta ni mepesi kuliko maji yaliyojaa kwenye vitundu vya mwamba, kwa hiyo yanapanda, yanapanda tu, mpaka yakutane na tabaka la udongo mzito linaloyazuia, na hapo ndipo watu wanakwenda kuchimba visima, au yakutane na ufa wa kutokea. Na ufa mkubwa kuliko yote nyie mnaushuka kila siku mkitoka Hoima kwenda ziwani, ule ukuta wa mlima ambao barabara inajipinda mpaka mtu wa bodaboda anazima injini anateremka bure. Pale ardhi ilikatika, upande mmoja ukabaki juu na mwingine ukaenda chini, na mkato huo unaendelea chini ya ziwa.

Ndiyo maana mivujo mingi inayojulikana imejipanga chini ya huo ukuta au karibu yake. Kibiro ndiyo maarufu, pale kina mama wanapochuja chumvi kwenye udongo kwa mamia ya miaka sasa, kuna maji moto ya karibu nyuzi 86, harufu ya yai bovu, na mafuta yanatoka papo hapo kwenye mwamba. Kuna Kibuku kule Semuliki upande wa Ntoroko, mchanga wenyewe umelowa mafuta. Kuna Paraa ndani ya mbuga ya Murchison. Bwana mmoja E. J. Wayland, mkuu wa kwanza wa idara ya jiolojia pale Entebbe, alizunguka bonde lote hilo na ripoti yake ya 1925 inataja mivujo 52. Hiyo ni kabla hakijachimbwa kisima hata kimoja. Kisima cha kwanza, Waki B-1, kilichimbwa Butiaba mwaka 1938, kikakuta vitu vya lami lami, kisha vita vya dunia vikaja na kazi ikalala miaka mingi. Mafuta ya kibiashara yalithibitishwa 2006. Kwa hiyo mzee wa miaka 80 akikwambia aliokota lami ufukweni akiwa mtoto, hesabu inakubali kabisa, usimcheke.

Na si sisi peke yetu. Ziwa Tanganyika, ndugu wa Albert kwenye bonde hilo hilo, lina mvujo wake kwenye rasi ya Kalamba. Ziwa Baikal kule Urusi, nalo la bonde la ufa na maji yake matamu kama yetu, linavuja, na mwaka 2005 watafiti walipata mvujo mwingine chini kabisa karibu mita 900, unatoa kama tani 4 kwa mwaka, na bakteria wa ziwa wanakula sehemu kubwa kabla haijaenda mbali. Baharini ndiyo usiseme. Hapo California karibu na mji wa Santa Barbara kuna mahali panaitwa Coal Oil Point, bahari inatoa mapipa kama 100 mpaka 150 kila siku, hata ukichukua 100 tu ni lita karibu 16,000 kwa siku, usiku na mchana bila mtu kugusa kitu. Watu wenyeji wa pale, Wachumash, walikuwa wanaokota lami hiyo ufukweni wanaziba mitumbwi yao ya mbao, na leo watalii wakitoka kuogelea wanaanza kusugua nyayo. Baraza la utafiti la Marekani lilikadiria mwaka 2003 kwamba mivujo ya asili inaingiza baharini kama tani 600,000 kwa mwaka dunia nzima, karibu nusu ya mafuta yote yaliyokuwa yanaingia. Kampuni zinapenda sana kunukuu hiyo nusu! Hawanukuu kwamba ripoti iliyofuata, ya 2022, ilionyesha kwa Amerika Kaskazini mafuta mengi zaidi sasa yanatoka nchi kavu, yanasombwa na mvua kutoka barabarani na mijini, kupita mivujo yenyewe.

Sasa hayo mafuta yanakuwaje madonge. Mafuta yakitoka chini mara nyingi yanapanda na gesi, kila kiputo kimevaa ngozi nyembamba ya mafuta, kikifika juu kinapasuka na ile ngozi inatandaa. Utando huo ni mwembamba kuliko unavyofikiri. Ukiona zile rangi za upinde wa mvua juu ya maji, hapo unene wake unaanzia kama sehemu 3 ya 10 za maikroni (maikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu), yaani lita moja tu inaweza kutandaa mita za mraba zaidi ya 3,000, karibu nusu ya uwanja wa mpira. Kwa hiyo mtu akipiga picha ya rangi rangi ziwani akasema "mapipa elfu yamemwagika", mwambie apunguze. Na kinyume chake pia, mafuta meusi mazito yasiyo na rangi rangi ndiyo mengi, hata yakiwa yamechukua eneo dogo.

Baada ya hapo jua na upepo vinaanza kazi. Sehemu nyepesi, zile zenye harufu kama petroli, zinaruka hewani kwa saa chache mpaka siku chache. Mawimbi yanayachapa mafuta na maji mpaka yanakuwa kitu kizito cha kahawia kinachoshikana, nusu yake au zaidi ni maji. Jua linaunguza juu yake, bakteria wanakula kile wanachopenda, na wanachoacha ni masazo mazito wasiyoyaweza, ndiyo lami. Likigonga mchanga linajiviringisha na kuokota kila kitu, mchanga, konokono, nyuzi za nyavu, na ukilipasua utakuta nje gumu ndani bado laini na linanukia. Hilo donge linaweza kuelea wiki nyingi, kwa hiyo mahali ulipoliokota huenda sipo lilipozaliwa. Upepo mkali uliousema huenda haukuleta mafuta mapya kabisa, umesukuma tu yale yaliyokuwa yanaelea katikati ya ziwa, au umefukua ya zamani yaliyofunikwa na mchanga. Hata maji yalipopanda 2020 na mialo mingi ikafurika, fukwe zilichimbuliwa vibaya, na lami ya zamani sana inaweza kurudi juu ikaonekana kama ya jana.

Kuna vitu vichache unaweza kufanya kwa mkono wako kabla ya maabara. Cha kwanza, kama unachoona ni utando juu ya maji yaliyotulia, hasa karibu na mafunjo au kwenye kinamasi, chukua kijiti ukichome katikati. Utando ukivunjika vipande vipande kama kioo chembamba na vikabaki hivyo, hayo si mafuta, ni bakteria wa chuma, wanatengeneza ngozi inayong'aa rangi zote na hata maji yenyewe yanakuwa na kutu ya rangi ya chungwa. Utando ukizunguka na kijiti kisha ukarudi kuungana kama mafuta juu ya mchuzi, hayo ni mafuta. Nimeitwa na watu kwa hasira kubwa tukakuta ni bakteria. Hasira inaisha, soda zinaagizwa.

Cha pili, angalia na vyanzo vya hapo hapo mwaloni kabla hujaruka kwenda mbali. Injini za mitumbwi nyingi ni zile za kuchanganya petroli na oili, na nyingine zinavuja wazi wazi. Fundi anayebadilisha oili anamwaga wapi ile chafu? Kuna mtu anaziba mtumbwi kwa lami ya barabara? Hayo yote yanaacha alama ufukweni, ila oili ya injini haitengenezi donge la kunata kama ulivyoeleza, inabaki nyeusi laini ya kuteleza.

Cha tatu ni ujanja ambao hapa kwetu unasaidia kidogo. Mafuta ghafi ya Uganda yana nta nyingi mno, yakipoa yanaganda, ndiyo sababu bomba la kutoka Kabaale kwenda Tanga, lile la kilomita 1,443, lazima lipashwe moto njia nzima mafuta yabaki nyuzi zaidi ya 50. Maji ya ziwa ni ya vuguvugu lakini hayafiki huko hata kidogo. Kwa hiyo mafuta mabichi ya kisimani yakimwagika ziwani nategemea yagande haraka kuwa vipande vya nta, kahawia au nyeusi, unavikwaruza kwa kucha vinatoka kama mshumaa. Mafuta ya mvujo wa zamani yamepita mikononi mwa bakteria njia nzima, na bakteria huanza kula nta, kwa hiyo kinachobaki kinaelekea kuwa lami ya kunata. Wewe umesema yananata. Hiyo inaniegemeza kidogo upande wa wazee. Kidogo tu, kwa sababu Baikal inatuvurugia kanuni hiyo, kule zamani watu walikuwa wanaokota ufukweni nta ya asili kabisa, mvujo na wala si kisima.

Hapa sasa ndipo nataka vijana wako nao wasikilizwe. Watu wanaongea kama kuna vitu viwili tu, mvujo wa asili unaotoka chini ya ziwa na ajali ya mtambo inayotoka juu, bomba limepasuka, tangi limevuja. Kuna cha tatu, binadamu anaweza kuufanya mwamba wenyewe uvuje. Ile ajali kubwa ya Santa Barbara, tarehe 28 Januari 1969, watu wengi wanafikiri mafuta yalitoka juu kwenye jukwaa la kuchimbia. Juu kule waliziba. Mrija wa chuma wa kukinga kuta za kisima ulikuwa haukushushwa chini vya kutosha, kwa hiyo presha ilipokosa njia ya juu ikapasua kupitia mwamba laini na mafuta yakaanza kuchemka kutoka sakafu ya bahari, kwenye nyufa, pembeni ya jukwaa. Ukipita na mtumbwi siku ile ungeapa ni mvujo wa asili. Mwaka 2011 kwenye ghuba ya Bohai huko China ikawa tena kwa njia nyingine, walikuwa wanasukuma maji chini kwa nguvu ili mafuta yatoke, presha ikafungua ufa uliokuwa umelala, mafuta yakatokea sakafuni mwa bahari. Mwaka huo huo Brazil nayo, kwenye eneo la Frade, kisima kilizidiwa na presha na mafuta yakapanda kupitia mwamba.

Kwa hiyo mtu akikwambia "mafuta yanatoka chini ya ziwa, basi ni asili", hiyo "basi" yake haijatosha. Swali ni je, yalikuwa yanatoka pale pale kabla, na kwa kiasi kile kile? Hapo ndipo kumbukumbu za zamani zinakuwa dhahabu. Picha za setilaiti za rada zinasaidia sana, mafuta yanalaza yale mawimbi madogo madogo, kwa hiyo penye mafuta rada inaona doa jeusi, mchana au usiku, kuwe na mawingu au kusiwe. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-1 zimekuwa zikipiga tangu 2014 na picha zake ni bure kwa yeyote. Doa linalotokea mahali pale pale mwaka baada ya mwaka ni mvujo. Doa lililoanza baada ya kazi fulani kuanza ni la kuuliza maswali. Ila upepo ukiwa mdogo sana ziwa lote linakuwa jeusi kwenye picha, na ukiwa mkali mno doa linapotea, kwa hiyo picha moja usiitegemee.

Na hilo linanileta kwenye swali lako la mwisho, kama kuchimba kutamaliza mivujo. Hilo limetoka kwenye utafiti halali, halikubuniwa. Pale Coal Oil Point kulikuwa na jukwaa linaitwa Holly, na watafiti walilinganisha vipimo vya miaka 22 wakakuta mivujo ndani ya kama kilomita moja kuzunguka jukwaa imepungua karibu nusu. Sababu inaeleweka, ukitoa mafuta presha ya chini inashuka, na presha ndiyo inayosukuma mvujo. Vizuri. Lakini usilibebe hilo kulileta Albert zima zima. Kwanza lazima huo mvujo uwe unalishwa na hifadhi ile ile inayochimbwa, na mivujo mingi haijulikani inalishwa na nini. Pili, kwetu mpango si kuacha presha ishuke. Mradi wa mafuta wa Kingfisher wanachimba kutoka nchi kavu pale Buhuka, visima vinalala chini kwa chini kuingia chini ya ziwa, na kati ya visima 31 vilivyopangwa, 11 ni vya kurudisha maji chini ili presha ishikilie. Tilenga, mradi mwingine wa mafuta, nako ni hivyo hivyo, maji yanasukumwa chini. Presha ikishikiliwa vizuri, mvujo hauna sababu ya kupungua, na ikizidishwa mahali pasipofaa unakuwa na mambo ya Bohai. Sisemi imetokea, sina ushahidi wowote wa hivyo. Nasema mtu anayekuahidi kwamba uchimbaji utasafisha ziwa anakuuzia kitu cha California kwenye soko la Hoima.

Haya, sampuli. Hapa naomba usome taratibu kwa sababu kesi nyingi zinafia hapa, mtu anaokota donge anafunga kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, linakaa wiki mbili juani kwenye paa, halafu anataka liongee. Plastiki inaachia kemikali zake ndani ya mafuta na kuvuruga kipimo. Tafuta chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko cha chuma, ioshe kwa sabuni, suuza mara nyingi, kausha. Chini ya kifuniko weka karatasi ya foili. Donge liokote kwa kijiko cha chuma kisafi au kwa foili hiyo hiyo, siyo kwa vidole vilivyoshika petroli ya injini asubuhi. Chukua kutoka sehemu tatu tofauti za ufuko, kila moja chupa yake, na chupa moja ya mchanga ambao hauna kitu, watu wanaisahau sana hiyo, bila yake huwezi kujua kipi ni cha donge na kipi kilikuwa mchangani siku zote. Kama kuna injini inayovuja au lami ya fundi, chukua na tone la hiyo, iondolewe kwenye lawama au iingie. Piga picha kabla hujagusa, weka sarafu pembeni ionyeshe ukubwa, washa eneo kwenye simu picha ibebe mahali. Andika tarehe, saa, upepo ulikuwa unatoka wapi. Awepo mtu wa pili anayeona, ikiwezekana mtu wa uongozi wa mwalo, na wote wawili mtie sahihi kwenye karatasi ya chupa. Kisha weka penye giza na baridi, ndani ya boksi la barafu la samaki inatosha, na ifikishe kwa afisa mazingira wa wilaya haraka, na nakala ya barua iende NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, na mamlaka ya petroli pale Entebbe. Chupa moja baki nayo. Omba wakuandikie kwamba wamepokea, usitoke ofisini bila hiyo karatasi.

Maabara wanafanya nini? Wanayeyusha kipande, wanakipitisha kwenye mashine inayotenganisha molekuli moja moja na kuzipima uzito. Wanatafuta zile ambazo hata bakteria na jua zinawashinda, zimetoka moja kwa moja kwenye mwani na bakteria wa lile ziwa la kale, na uwiano wake unatofautiana kutoka hifadhi moja hadi nyingine. Mafuta ya tope la ziwa yana sura yake, mafuta ya tope la bahari yana yake, kwa hiyo dizeli au oili iliyotengenezwa kwa mafuta ya Uarabuni inajulikana mara moja haikuzaliwa hapa. Ugumu uko mahali pengine. Mvujo wa Albert na kisima cha Albert vinaweza kuwa watoto wa tope moja, sura zao zikalingana sana, na hapo mtaalamu anaangalia umri wa kuliwa, kama nta zote zimeshaliwa donge limekaa nje muda mrefu, kama nta na sehemu nyepesi bado zipo ni bichi. Wanaangalia pia kemikali ambazo ardhi haina, za tope la kuchimbia na za kulainisha mafuta kwenye bomba. Zikipatikana hizo, mjadala wa asili umekwisha. Na matokeo yakisema "haijulikani", dai walinganishe na sampuli za visima vya jirani na za mivujo ya jirani, kwa sababu bila kitu cha kulinganisha hata mashine ya bei mbaya haina la kusema.

Kuhusu afya. Kushika donge mara moja moja hakudhuru watu wengi, wengine ngozi inawasha au inatoka vipele, hao wakae mbali. Lami ikishika mwilini itoe kwa mafuta ya kupikia au ya kujipaka kisha sabuni na maji. Usitumie petroli wala mafuta ya taa, najua kila mtu mwaloni anafanya hivyo, na ni mabaya zaidi kwa ngozi kuliko lami yenyewe. Watoto wasichezee. Maji ya kunywa ndiyo yananihangaisha kuliko yote, Santa Barbara hawanywi bahari lakini nyie mnakunywa ziwa, na kuchemsha kunaua vijidudu tu, mafuta hayaondoki kwa kuchemsha. Mahali penye utando msichote, sogeeni mbali upande upepo unakotoka au mtumie kisima cha pampu mpaka pasafike.

Samaki. Samaki anayeogelea ana uwezo wa kuvunja sumu nyingi za mafuta kwenye ini lake na kuzitoa, kwa hiyo samaki aliyevuliwa mbali na utando, hana doa, hana harufu, sina shida naye. Aliyepakwa, au ukimpasua ananukia dizeli, mtupe, usimkaushe ukidhani jua litatoa harufu, moshi na chumvi vinaificha tu. Konokono na kome wa eneo hilo waache kabisa kwa sasa kwa sababu wao hawana uwezo huo wa samaki. Lakini kwa biashara yako shida kubwa ni mchanga. Muziri wanaoanikwa chini wanaokota kila kilichopo chini, na jua la mchana linalainisha lami mpaka inaingia kwenye samaki, na mnunuzi akiuma mmoja tu wa namna hiyo mzigo wote umerudi. Pandisha chanja, hata ya miti na wavu wa zamani, samaki wakae juu ya kiuno. Hiyo ilikuwa nzuri hata bila mafuta.

Nyavu zilizoshika, vipande vikubwa vikwaruzwe vikiwa vimepoa asubuhi na mapema, lami ikiwa ngumu inakatika, mchana inapakaa tu. Kilichobaki kipakwe mafuta ya kupikia, kisuguliwe na sabuni nchi kavu mbali na maji. Masazo yasichomwe pale pale ufukweni na yasifukiwe mchangani, mtayachimbua wenyewe msimu ujao mkaniandikia tena. Yawekeni kwenye pipa lenye kifuniko, mkipeleka sampuli muulizeni afisa mazingira ni nani wa kuja kulichukua.